Wadau, laini tano za simu dukani zinatuchanganya, nataka zote ziingie kwenye kompyuta moja, mnashaurije?

Muuza_Spea:

Habari zenu wakuu. Tuna duka la jumla la spea za pikipiki na bajaji hapa Kariakoo, stoo iko Buguruni, na wateja wetu wakubwa sio wa hapa mjini, ni wa mikoani, Kahama, Mbeya, Tunduma, Masasi huko. Mtu anapiga anauliza cheni na sproketi zipo, dazeni bei gani, anatuma hela, sisi tunafunga mzigo unaenda stendi ya Magufuli unapakiwa basi la usiku, asubuhi anapiga tena kuuliza umepakiwa basi gani na namba ya kondakta. Yani biashara yote inapita kwenye simu.

Sasa tuna laini tano, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na ile ya mezani ya 022. Zimeongezeka moja moja kadri miaka inavyoenda, maana zamani mteja dakika zake zilikuwa za mtandao wake tu, ukitaka akupigie lazima uwe na namba ya mtandao wake. Namba zote ziko kwenye bango, kwenye risiti, kwenye maboksi, hatuwezi kuiacha hata moja. Kaunta kuna simu ndogo nne zimepangwa mstari, kila moja imebandikwa karatasi na selotepu imeandikwa mtandao, na pembeni ile ya mezani. Dada wa kaunta akipokea moja zinaita nyingine mbili, anapokea ya pili anasema subiri kidogo anailaza juu ya meza bila kukata, anarudi kwa wa kwanza. Wiki iliyopita mteja wa Mbeya kalazwa mezani hivyo hivyo akasikia bei anayopewa mteja wa Tunduma, hapo maneno yakaanza mbona mwenzangu unampa chini. Jioni mtu anakaa na daftari anapitia simu moja moja kuandika namba ambazo hazikupokelewa ili wapigiwe, na wengine ukiwapigia wanakwambia nimeshanunua kwingine.

Nimesikia kuna programu za simu za intaneti ambazo laini zote zinaingia sehemu moja, watu watatu wanne wanapokea kwa kompyuta wakiwa na hedseti, na inaonyesha huyu kapiga namba ipi. Hiyo inafanyikaje kwa hizi laini zetu za kawaida bila kubadili namba? Na mtu wa stoo Buguruni anaweza kuhamishiwa simu bila mteja kukata na kupiga upya? Tuna faiba dukani, stoo wanatumia ruta ya 4G. Nawasikiliza.

---

Mzee_wa_Vocha:

Mkuu mbona rahisi, hamisha simu zote ziende namba moja. Kwenye kila laini unapiga nyota nyota 21 nyota namba unayotaka kisha reli, yani **21*namba#, simu zote zitakuwa zinaenda huko. Ukitaka ziende pale tu usipopokea ni **61*namba#, ukiwa bize ni **67*namba#, ukichoka unafuta zote kwa ##002#. Hizo kodi ni za GSM dunia nzima. Hakuna cha kununua hapo.

---

FundiNeti:

Mzee wa Vocha umemsaidia kwa dharura na kodi zako ni sahihi, ila kwa biashara yake hiyo haimfikishi. Simu ikihamishwa gharama ya kile kipande cha pili inakatwa kwenye laini iliyohamisha, so kila akipigiwa na yeye analipa. Pili zikishafika zote namba moja hajui tena mteja alipiga ipi, kioo kinaonyesha namba ya mpigaji tu. Na kubwa zaidi, amehamisha laini nne kwenda kwenye simkadi moja, na simkadi moja inabeba mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Wa pili ataambiwa namba inatumika. Kwahiyo ametoka kwenye kupokea watu wawili watatu kwa shida amekuja kupokea mmoja.

Mkuu Muuza_Spea, kazi zangu ndo hizi, nafunga mifumo ya simu maofisini hapa mjini, ngoja nikueleze kwa kirefu.

Kuna namba inaingiaje na kuna ikishaingia inagawanywaje. Hilo la kugawanya ndo rahisi na programu yake ni ya bure. Inaitwa Asterisk, ilianza 1999, kijana mmoja Mmarekani anaitwa Mark Spencer alihitaji mfumo wa simu wa kampuni yake na zile mashine za kununua zilikuwa zimemzidi bei, akaandika yake mwenyewe kwenye Linux akaiachia watu wote. Juu yake kuna FreePBX ambayo inakupa kurasa za kubofya badala ya kuandika mafaili. Unachukua kompyuta ndogo tu ya kawaida, unaiweka FreePBX, inakaa dukani kwenye swichi yako, hiyo ndo inakuwa swichibodi. Kila mtu anapewa namba ya ndani, 101 kaunta, 102 wewe, 103 mhasibu, 201 stoo. Kwenye kompyuta zao unawawekea softfoni, yani programu ya kupiga na kupokea simu, kama MicroSIP au Zoiper au Linphone, na Zoiper na Linphone zinaingia hata kwenye simu ya mkononi. Au ukitaka simu kabisa ya mezani ya mtandao zipo Grandstream na Yealink, mi kwa mtu wa kaunta napendelea simu yenyewe maana kompyuta ya mauzo ikiganda asikose simu.

Sasa namba kuingia. Zile simkadi nne zinaingia kwenye kitu kinaitwa geitiwei ya GSM, kiboksi chenye antena na sehemu za kuchomeka laini, kwa mfano Yeastar wana TG400 inayobeba laini nne. Mteja anapiga namba yako ile ile, geitiwei inaipokea kule hewani na kuipeleka kwenye swichibodi kwa njia ya mtandao wa ndani, na namba ya mteja inaonekana kama kawaida. Angalia tu unanunua toleo gani, kuna za 2G tupu, chukua ya 4G kama mfuko unaruhusu, na antena zisikae nyuma ya rafu za chuma. Ile ya mezani kama ni ya waya wa shaba inahitaji kiboksi kingine chenye tundu la FXO, yani la kuchomeka ule waya wa laini ya mezani, Grandstream HT813 inalo moja. Geitiwei unaiambia laini ya kwanza ikiingia ipewe jina Voda, ya pili Airtel, hivyo hivyo. Basi kwenye FreePBX kila njia ya kuingilia unaiwekea neno mbele ya namba ya mpigaji, simu ikiita kioo kinaandika AIRTEL kisha namba ya mteja. Swali lako la huyu kapiga ipi limeisha hapo.

Ila narudia, simkadi ni mlango wa mtu mmoja mmoja. Geitiwei haibadilishi hilo. Mteja wa pili wa Airtel akipiga wakati wa kwanza yuko hewani atakuta bize. Tiba ya muda ni kuzima kile kipengele cha simu kusubiri kwa #43#, halafu kwa **67*namba# uielekeze kwenye laini yako nyingine iliyopo humo humo kwenye geitiwei. Tiba ya kudumu ni namba ya SIP kutoka kwa mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hiyo haina simkadi kabisa, inakuja kwa intaneti, na unanunua nafasi za mazungumzo, kumi maana yake watu kumi wanaongea kwa namba moja kwa pamoja. Kwahiyo mimi ningekuwa wewe ningechukua hiyo namba mpya moja niifanye namba kuu kwenye risiti zote mpya, na zile nne za zamani ziendelee kwenye geitiwei kwa ajili ya wateja waliozizoea.

Kuhusu stoo, ndio, mtu wa kaunta anabonyeza kuhamisha, 201, anaongea kwanza na wa stoo, "una sproketi za mia ishirini na tano?", akijibiwa zipo anamuachia mteja. Mteja muda huo anasikia muziki, hasikii bei ya mtu. Mteja hapigi upya.

---

Dada_Swichibodi:

Mimi sio fundi, mimi ndo nakaa kwenye simu, niko kwenye famasi ya jumla, tunatumia mfumo kama huo anaousema FundiNeti na tunapokea wanne. Naomba niongee upande wa mteja maana mafundi wengi hawaufikirii.

Kaka Muuza_Spea, akija fundi kukufungia mwambie SIMU ISIJIPOKEE. Wanapenda sana kukuwekea ile sauti "karibu kampuni fulani, kwa mauzo bonyeza moja, kwa mhasibu bonyeza mbili" halafu muziki. Sikia, mashine ikishapokea tu dakika za mteja zinaanza kwenda, haijui kwamba wewe hujaongea nae. Mteja wa kijijini ana vocha ya kuongea dakika mbili, dakika moja na nusu kasikiliza muziki, napokea nasema halo inakatika. Na akikatikiwa harudi, anaona tumemla hela. Sisi tulikuwa na muziki, wateja wakalalamika mpaka bosi akasema itolewe, sasa hivi simu inaita kawaida kabisa kwa sekunde kama ishirini kwa wote wanne, asipopatikana mtu ndo mashine inapokea na kusema kwa kifupi sana tutakupigia sasa hivi, inakata. Hiyo sauti nimerekodi mimi mwenyewe kwa simu, watu wanaijua sauti yangu, wanajua ni kweli nitapiga.

La pili ni bipu. Wateja wetu wengi wanabipu, anaita mara moja anakata anasubiri umpigie. Kwenye zile simu za mstari bipu inapotea, au dada wa kaunta anaona missidi koli tatu hajui nani alianza. Kwenye mfumo kila bipu inaandikwa, saa, dakika, laini aliyopiga. Mi asubuhi nikifika cha kwanza ni ile listi, napiga kuanzia juu. Nikishampigia mtu anatoka kwenye listi, mwenzangu hampigii mara ya pili. Kwangu hiki ndo kitu chenye hela kuliko vyote, kuliko hata kupokea.

La tatu, mteja amezoea mtu. Kuna mzee wa Ifakara akipiga anataka Neema tu, hataki mwingine. Mwambie fundi aweke namba za wateja wakubwa zikipiga ziende kwanza kwa mtu wao, asipopokea ndo ziite kwa wengine. Inawezekana, sisi tunayo.

Na kumwachia mtu ujumbe wa sauti sahau, hakuna mteja hapa anaacha ujumbe, wanakata.

---

FundiNeti:

Dada umeongea jambo zito na nakuunga mkono asilimia zote. Kwa faida ya wengine, kwenye FreePBX kundi la kuita, yani simu za wote ziite pamoja, haligusi simu mpaka mtu anyanyue, hivyo mteja hakatwi dakika. Foleni ndo inapokea mapema, ila hata foleni ina sehemu ya kuiambia isipokee mpaka mtu wa kupokea apatikane, mafundi wengi wanaipita tu. Kwa watu watatu wanne kundi linatosha. Foleni inaanza kuwa na maana pale unapotaka simu ziende kwa zamu, aliyepokea muda mrefu uliopita ndo aitiwe kwanza, na kila akimaliza apumue sekunde kadhaa aandike oda kabla ya nyingine kuingia.

Mzee wa Ifakara pia yupo, unatengeneza njia ya kuingilia yenye namba yake ya mpigaji inamwelekeza kwa Neema, tuseme namba ya ndani 104.

---

Kijana_wa_Posta:

Mbona mnamzungusha mtu na viboksi, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, alipie huduma ya nje kwa mwezi apewe namba ya Marekani au Uingereza aunge wafanyakazi wote, hakuna seva hakuna antena. Mi nilikuwa natumia Skype na kazi zilienda.

---

FundiNeti:

Skype wameshaifunga tangu Mei 2025 mdogo wangu. Na mteja wa Masasi hawezi kupiga namba ya Uingereza kuulizia breki shuu, atalipa simu ya kimataifa. Huduma za nje ni nzuri kwa mtu ambaye wateja wake wako nje.

Halafu kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti nchi nzima ikawa inakokota. Mtu ambaye swichibodi yake iko Ulaya simu yake inatoka Kariakoo inavuka bahari ndo irudi Buguruni, siku ile kazi ilisimama. Swichibodi ikiwa dukani na laini ziko kwenye geitiwei pale pale, intaneti ya nje ikifa wewe bado unapokea simu, maana simkadi zinaongea na mnara wa mtaani na mazungumzo yanazunguka ndani ya waya zako. Kitakachokata ni namba ya SIP na simu ya stoo, na hiyo namba ya SIP unamwambia mtoa huduma ikishindwa kukufikia iende kwenye simu ya mkononi.

---

Muuza_Spea:

Aisee nawashukuru sana, nimesoma mara mbili. Dada_Swichibodi hilo la dakika za mteja limenigusa, wateja wetu ni hao hao.

Naomba niulize tena. Laini ya Voda ndo watu wanatumia kututumia hela, na WhatsApp ya oda iko kwenye ya Airtel, picha za spea zote zinatumwa huko. Nikiichomoa simkadi nikaiweka kwenye kiboksi, hela na WhatsApp inakuwaje? Pia kuna jamaa yangu kaniambia hivyo viboksi vya laini nyingi ni kosa kisheria, watu wamekamatwa navyo. Hilo limenitisha kidogo. Na je faiba yetu itabeba, maana kuna kamera za CCTV na vijana wa kaunta wanaangalia mpira.

---

Mdau_Sheria:

Naomba nijibu la sheria maana ni muhimu lisipite juu juu.

Kinachowakamatisha watu ni kutumia vile viboksi kuingiza simu za kutoka nje ya nchi na kuzifanya zionekane zimepigwa na namba ya hapa, ili kukwepa malipo halali. Huo ni uhalifu na TCRA wako makini nao, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndo inayosimamia sekta. Wewe kupokea simu za wateja wako kwenye laini zako mwenyewe ni jambo jingine, ila kifaa kinafanana, na mtandao ukiona laini kadhaa zimekaa mahali pamoja hazihami unaweza kuzitilia shaka na kuzifunga. Kwahiyo fanya mambo kwa uwazi kabla hujanunua. Laini zote zisajiliwe kwa jina la kampuni, sio moja ya mke, nyingine ya kijana aliyeacha kazi. Nenda kitengo cha wateja wa kampuni cha kila mtandao, waeleze unataka kufanya nini, omba wakujibu kwa maandishi. Kifaa nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha kimeidhinishwa na TCRA, maana vifaa vya mawasiliano vinapaswa kuidhinishwa kabla ya kutumika nchini. Mtandao ukikataa, usibishane, chukua namba ya SIP na laini ya zamani utumie kuihamishia huko kwa ile 21 ya mzee wa Vocha.

Na kuna jambo hamjaligusa. Hii mifumo inarekodi mazungumzo kwa kubofya tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake. Namba za wateja, majina na sauti zao ni taarifa binafsi. Ukitaka kurekodi mjulishe mteja, uwe na sababu, na usiache mafaili wazi kila kijana anasikiliza. Kama huna haja nayo usiwashe.

---

Wakala_Sinza:

Niongezee kwenye hela. Laini inayopokea malipo USIIWEKE kwenye kiboksi. Ile inahitaji kuwa kwenye simu ili upige menyu ya huduma, usome meseji za muamala, uthibitishe. Kiboksi kikiibeba mteja atakwambia nimetuma na wewe huoni meseji kwa haraka, mzigo unachelewa basi. Kuna geitiwei zinaonyesha meseji kwenye ukurasa wake lakini kaunta ina watu kumi wamesimama nani ataenda kufungua ukurasa. Chukua Lipa Namba ya biashara, malipo yote yaende huko, iandike kubwa kwenye risiti, na ile laini ya Voda ibaki kwenye simu yake mpaka wateja wahamie taratibu. Simu za sauti tu ndo uzihamishe kwa kodi ziende kwenye namba kuu.

WhatsApp yenyewe inakaa kwenye simu hata simkadi ikitoka, ila siku ikikuomba uthibitishe namba upya itatuma kodi kwa meseji au kwa kupiga, hakikisha unajua utaipataje.

Mwingine akikushauri uhame laini zote ziende mtandao mmoja bila kubadili namba, huduma hiyo ipo tangu Machi 2017 na inafanya kazi, bili moja ya kampuni inapendeza. Ila toa hela yote kwanza kwenye akaunti ya simu kabla hujahama, na usihamishe zote siku moja.

---

FundiNeti:

Wakala na Mdau mmemaliza kabisa, mimi nilikuwa sijafika kwenye hela.

Haya faiba. Simu moja kwa kodeki, yani namna ya kugeuza sauti kuwa data, ya G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi, ukitumia G.729 inashuka mpaka kama 31. Simu kumi kwa pamoja hazifiki hata megabiti moja kila upande. Kwahiyo ukubwa wa bando sio shida yako kabisa, na kwa simu za geitiwei zinazopokelewa hapo hapo dukani faiba haiguswi hata kidogo. Shida ni msongamano. CCTV inapandisha picha juu, mpira unashuka, sauti inasubiri nyuma yao, mteja anasikia maneno yanakatika katika kama roboti. Pakiti ya sauti ikichelewa haina faida tena, ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wenyewe wanashauri isizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Dawa ni kuipa sauti kipaumbele kwenye ruta, kama una ruta ya MikroTik weka foleni ambayo pakiti za simu zinatangulia, kamera wawekee kikomo cha kupandisha. Na kwenye MikroTik ingia IP, Firewall, Service Ports, zima ile ya sip. Inajifanya inasaidia inaharibu, mara nyingi ndo chanzo cha zile simu ambazo wewe unamsikia mteja yeye hakusikii. Simu za mezani na kompyuta za kupokelea ziwe za waya, waifai ya Kariakoo imejaa ruta za majirani.

Stoo ya Buguruni na ruta yake ya 4G iunge kwa VPN, yani njia ya siri ndani ya intaneti, WireGuard ni nyepesi inatosha. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pote. Kuna mafundi watakufungulia mlango wa 5060, ule ambao swichibodi inapokelea simu za intaneti, kwa dunia nzima ili stoo waunge kirahisi. Usikubali. Kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta swichibodi zilizo wazi, zinajaribu namba ya ndani 100 nywila 100, 101 nywila 101. Ikiingia haipigi mchana, inasubiri Jumamosi usiku ofisi imefungwa inapiga nchi za mbali zenye gharama kubwa mpaka asubuhi, na bili inakuja kwako. Nina mteja alinipigia Jumatatu salio lote la laini yake ya SIP limeisha na hakuna mtu aliyekuwepo ofisini. Kwahiyo milango yote ifungwe, nywila ndefu za kubahatisha, na njia ya kutokea uiwekee kwamba inaruhusu namba zinazoanza na 06 na 07 zenye tarakimu kumi, na 022 na mikoa mingine ya mezani, basi. Simu ya nje ya nchi mtu akiihitaji apige kwa simu yake. Na mwombe mtoa huduma wa SIP akuwekee kikomo cha matumizi kwa siku.

Umeme, swichibodi, geitiwei, swichi, ruta na kile kiboksi cha faiba vyote kwenye UPS moja, havili umeme mwingi. Watu wanaweka kompyuta kwenye UPS wanasahau kiboksi cha faiba kiko ukutani kwenye soketi ya kawaida.

Ukinisikiliza, usianze na laini zote. Anza na ya Halotel na ya mezani, zenye simu chache, watu wawili wapokee kwa mfumo wiki mbili tatu, dada wa kaunta azoee kuhamisha. Akishasema yeye mwenyewe leteni nyingine, ndo unaongeza.

---

Dada_Swichibodi:

Hapo mwisho kasema kweli, mwachie dada wa kaunta aamue. Na mumpe yeye kwanza ile listi ya wasiopokelewa, asikabidhiwe mtu wa ofisini.

---

Muuza_Spea:

Wakuu Mungu awabariki. Nimeongea na mshirika wangu tumekubaliana tunaanza kwa kusajili laini zote jina la kampuni, mbili bado ziko kwa jina la marehemu baba, halafu naenda kuuliza namba ya SIP kabla ya kununua kiboksi chochote. Lipa Namba tunaomba wiki hii. FundiNeti nitakutafuta inbox tuongee kazi. Swali dogo, hedseti za kaunta nichukue za USB au zile za jeki?

---

FundiNeti:

USB, za sikio moja, ili amsikie na mteja aliyesimama mbele yake. Na chukua yenye kitufe cha kuzima maiki kwenye waya wenyewe, pale kaunta pana kelele za watu na muziki wa duka la jirani.

---

Dada_Swichibodi:

Nunua na zile sponji za akiba, zinachakaa haraka na joto la Dar, na kila mtu awe na yake.